Kosa Linalohamahama

Gongoni,
Jumanne, 4 Machi 2025

Kwako shemeji yangu Ngumbao,

Salamu nyingi katika jina la Bwana aliyetuamsha leo. Hujambo? Kifua kimepoa au bado unakohoa? Damaris wa kanisani aliniambia amekuona umekonda shingo, lakini macho ni yale yale ya kumtazama mtu kana kwamba umemfumania akiiba. Sisi hatujambo. Mama mkwe ni goti tu linalomsumbua. Kila asubuhi anakuombea, na akimaliza kukuombea anakutukana kidogo, kisha anaenda kuwatupia kuku mahindi. Yule mbuzi wako mweusi amezaa wawili.

Nina jambo. Wajua mimi ni karani wa kanisa, huu mwaka wa kumi na tisa. Basi kompyuta ya kanisa imekufa. Chumvi imeila, ukiigeuza nyuma ni kutu tupu. Juzi kwenye baraza la wazee akasimama Mutuku, mweka hazina wetu, yule wa suti ya kijivu hata jua la saa saba. Akasema, "Tuongee ukweli. Kompyuta imekufa na karani pia amechoka. Mama Kahaso alisoma mpaka darasa la nane. Kuna msichana wa ndugu yangu anaitwa Hope, ako na diploma."

Alisema nimechoka nami nimeketi pale pale, kama mtu anayesema kiti kimevunjika mguu. Nikasimama, Ngumbao. Mdomo nilipewa na nani sijui. Nikasema, "Kompyuta ninayo." Baraza likanipa mpaka Jumapili ya tarehe 27 Aprili. Ikiwaka, ikiandika, ikichapisha, kiti ni changu. Isipowaka, nampa Hope funguo za ofisi.

Kompyuta niliyoitaja ni yako, ile uliyoiunda kwa mikono yako, iliyobaki chumbani kwako tangu ulipompiga Mwalimu Lewis. Sitaki kuyafukua hayo. Mwalimu ana domo, hata mimi nilimwona ana domo siku ile ya kesi, na watu wa Sabaki mpaka leo wanamcheka kwamba alipigwa kwa kuisingizia kompyuta isiyo na kosa uliyomuundia. Lakini ulimpiga, ukahukumiwa, na miezi kumi na minne si milele.

Naomba ruhusa niitumie. Ila uliwahi kuniambia Windows iliyomo, ule mfumo unaoiendesha, ni ya wizi. Siwezi kuandika vyeti vya ubatizo juu ya kitu cha wizi. Ulisema iko nyingine, Linux, ambayo wenyewe wameitoa bure kwa kila atakaye. Hiyo ndiyo naitaka. Nielekeze niiweke. Damaris huja huko kila Alhamisi na kikundi cha mahubiri. Atakupa hii, na yako ataichukua Alhamisi inayofuata, afande akishaisoma.

Nijibu upesi.

Ni mimi mke wa kaka yako,
Kahaso wa Karisa


Huku ndani,
12 Machi 2025

Kahaso,

Ukurasa mzima wa salamu! Mbuzi, goti, shingo yangu. Mashine haiulizi mtu hujambo, na barua zangu zinasomwa na afande anayesogeza midomo. Ukiwa na shida, andika shida.

Ichukue. Afadhali iwe kwako kuliko panya wailalie. Hilo kasha nililikata kwenye bati la friji kuukuu na wavu wa juu ni wa banda la kuku, lakini ndani hakuna mashine kama hiyo kutoka Sabaki mpaka Gongoni. Huyo Mutuku hawezi hata kufunga kamba ya kiatu bila kuita kikao, na hiyo diploma ya mtoto wa ndugu yake naijua: miezi sita ya kufundishwa kukoza herufi.

Kwenye kopo la kakao juu ya dirisha langu kuna flashi nyekundu. Linux imo. Ichomeke nyuma, si mbele. Washa, na papo hapo anza kugongagonga kitufe cha F12, usingoje kuulizwa. Itatokea orodha, chagua jina la flashi. Ikifunguka utaona picha ya kuiweka Linux, bonyeza mara mbili. Itauliza lugha, saa, jina lako. Itauliza kama ifute diski yote. Kubali, vilivyomo ni filamu na dhambi. Kisha kaa mbali na kibodi. Inachukua dakika ishirini ukiwa na akili, siku nzima ukiwa mwanabaraza.

Usiruke hatua. Usifanye lolote nisilokuambia. Hiyo mashine haina kosa hata moja, kwa hiyo kosa lolote litakalotokea nitajua limetoka wapi.

Ngumbao


Gongoni,
19 Machi 2025

Kwako shemeji,

Salamu katika Bwana. Najua hutaki salamu. Hizi si zako peke yako, ni za mama mkwe pia, naye hazipunguzi kwa ajili ya afande. Hujambo?

Flashi niliipata. Kompyuta tuliileta ofisini Ijumaa kwa mkokoteni, ikapokewa vizuri, kwa maombi. Jumamosi nikaanza. Nikagongagonga hiyo F12 mpaka kidole kikafa ganzi, na kweli orodha ikaja, na picha ikaja nzuri ya milima. Nikajibu yote. Jina nikaandika Kahaso. Mstari wa kujaa ukaanza kujaa.

Ulipofika robo ukasimama. Nikangoja, nikasoma Zaburi tatu ndefu, haukusonga. Nikazima, nikaanza upya. Mara ya pili ukafika karibu na mwisho, nikaanza kushukuru, ukaganda. Mara ya tatu haukufika popote: skrini nyeusi na maneno meupe yanashuka kama mchanga. Nimenakili kwenye daftari mistari ile ya mwisho, nimeibandika humu. Sijui nilichoandika lakini herufi ni hizo hizo.

Ndipo Mutuku akaingia na Hope nyuma yake. Akaizunguka kompyuta, mikono mgongoni, kama anayenunua ng'ombe. "Mama, hii ni kompyuta ama ni nyumba ya kuku?" Nikamwambia, "Mzee, kuku hawana diploma, lakini hutaga kila siku." Hope akajifunika mdomo. Mutuku akanusa hewa, akasema, "Na mbona inanuka kama jikoni?" akatoka. Mtu wa kunusa tu yule. Amenusa hazina yetu miaka sita, hata paa la kanisa halijawahi kunukia rangi.

Nimefuata kila hatua, Ngumbao. Sikuruka. Nijibu upesi, zimebaki Jumapili sita.

Kahaso


Huku ndani,
26 Machi 2025

Kahaso,

Nimeyasoma maneno yako ya daftari. Kosa la kwanza linataja diski, la pili linataja faili ambalo halina uhusiano nalo, la tatu halijielewi lenyewe. Nikueleze kwa lugha ya darasa la nane. Kosa likikaa mahali pamoja, ni la kifaa. Kosa likihamahama, ni la mtu.

Umegusa nini? Umeifungua? Umeimwagia chai? Mmeifanyia nini huko ofisini, ninyi watu wa kuinua mikono? Hiyo mashine nimeijenga skrubu kwa skrubu. Ilikuwa inawaka siku nilipoondoka.

Kwenye orodha ya flashi kuna sehemu ya kuikagua flashi yenyewe. Ikague. Ikisema nzuri, basi rudia kuweka, na safari hii vidole uviweke mapajani kama umeamriwa mguu sawa. Usibonyeze kwa wasiwasi. Najua unavyobonyeza, nilikuona ukitumia simu ya marehemu kaka, ulikuwa unaichokoa kama unatoa funza.

Na huyo Hope anacheka nini? Kama anajua, aseme. Kama hajui, akae chini.

Ngumbao


Gongoni,
2 Aprili 2025

Ngumbao,

Mwaka ulipoanza kutembea ni mimi niliyekubeba kwenda kliniki kwa sababu mama alikuwa shambani. Ndugu yako alinioa nikakukuta una kamasi. Sasa barua tatu nimekuandikia, mbili umenijibu, hata shikamoo moja haimo. Nimeliona, nimenyamaza. Leo nimelisema. Tuendelee.

Sijaifungua kompyuta yako. Chai sijaimwagia. Hayo uliyouliza nimejibu.

Flashi nimeikagua, ikasema ni nzima. Nimerudia kuweka mara mbili na vidole mapajani. Imeganda mara mbili, na kila mara pengine. Nikaketi pale nikiitazama ile orodha, maana sikuwa na la kufanya, nikaona chini kabisa kuna mstari wa memory test. Hukuniambia niubonyeze. Lakini neno memory nalijua, kila Jumapili watoto wanakariri memory verse. Nikasema, basi hapa mashine inaulizwa kama inakumbuka ilichofundishwa. Nikabonyeza.

Ngumbao, ilijaa mekundu! Mistari myekundu kutoka juu mpaka chini kama mtoto mwenye surua. Hope alikuwa amekuja kuchukua daftari la kwaya, akasimama mlangoni akasema, "Shangazi, hiyo ni RAM, kumbukumbu ya kompyuta. Nimeisoma kwenye kitabu, ila mimi sijawahi kufungua kompyuta hata moja." Nikamwambia ameongea ukweli kuliko ukoo wake wote.

Kwa nini hukunitaja hiyo hatua? Wewe unayejua kila kitu, hukujua kwamba kosa linalohamahama linaweza kuwa la kumbukumbu? Nijibu upesi. Zimebaki Jumapili nne, na Mutuku keshaanza kumwonyesha Hope mahali muhuri unapokaa.

Kahaso


Huku ndani,
9 Aprili 2025

Kahaso,

Sikukutajia kwa sababu sikudhani utafika mbali hivyo.

Haya. Mekundu ni RAM, alivyosema huyo binti. Ni chumvi yenu ya Gongoni, hakuna kingine. Hewa ya huko inakula shaba wakati mtu anaitazama. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki umalizike. Fungua ubavu wa kushoto, skrubu nne. Chini ya feni utaona vibao viwili vyembamba vya kijani vimesimama wima, kimoja nyuma ya kingine. Hivyo ndivyo RAM. Sukuma vishikizo vya ncha, vitaruka vyenyewe. Vina meno ya rangi ya dhahabu. Yasugue kwa kifutio cha penseli, kile cheupe, polepole, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu. Virudishe vyote viwili. Vyote viwili, umesikia? Usijaribu kimoja kimoja. Mashine yangu inakula viwili.

Hapa chini nilikuandikia amri moja ya kuandika ukishamaliza. Afande ameifuta kwa wino mweusi. Anasema haisomeki mbele wala nyuma, kwa hiyo ni mpango wa kutoroka. Nimemweleza ni Linux. Akaniuliza huyo Linux yuko seli namba ngapi. Hao ndio watu ninaoishi nao.

Ngumbao


Gongoni,
Jumatano kabla ya Pasaka, 16 Aprili 2025

Kwako Ngumbao,

Salamu katika wiki hii kuu. Hujambo? Leo nataka kukuambia kitu, na nimekifunga siku nyingi.

Uliponiuliza nimegusa nini, nilikujibu kwamba sijaifungua na sijaimwagia chai. Hayo ni kweli. Ila nilijibu vile kwa ujanja, na ujanja wa namna hiyo mbele ya Mungu jina lake ni uongo.

Siku ile mkokoteni ulipofika mlangoni mwa ofisi, Mchungaji alisema chombo kilichotoka chumba cha mtu aliye gerezani hakiwezi kuingia nyumba ya Bwana hivi hivi. Tukaimba. Tukaiwekea mikono. Kisha akaipaka mafuta. Yalikuwa matone matatu tu, na yangeishia matatu, lakini Damaris akasema dhambi ya ngumi ni nzito, akaichukua chupa. Ngumbao, aliimimina. Ule wavu wa kuku wa juu haukuzuia hata tone. Nilimwona, nikafumba macho na kuitikia amina. Nilikuficha kwa sababu najua unavyotuita, watu wa kuinua mikono. Nilikuona akilini ukiisoma barua na kucheka, nikaona afadhali niikose kompyuta kuliko kuchekwa tena.

Nilipofungua ubavu jana, nilikuta mafuta na vumbi la chumvi vimekorogana vikawa kama uji wa jana. Kibao cha mbele chote kimevaa huo uji. Nilikisugua kwa kifutio cha watoto wa Sunday school, nikakipangusa kwa spiriti ya zahanati, nikakianika kivulini. Nikilia kidogo, nikijicheka kidogo.

Sasa sikiliza. Wakati kile kinakauka, nilirudisha cha nyuma peke yake. Ndiyo, kimoja. Ulikataza, nikafanya, maana nimechoka kungoja Alhamisi. Mashine ikawaka. Nikabonyeza memory test. Mekundu tele! Basi nikakitoa nikakitazama juani. Hiki hakikuguswa na mafuta, wala kutu, wala chumvi. Feni ilikikinga. Ni kikavu na meno yake yanang'aa kama ya kununuliwa jana. Halafu nikaweka kile cha mafuta, kilichosuguliwa, peke yake. Ikapita mizunguko mitatu, hakuna hata doa jekundu moja.

Kwa hiyo kilichopakwa mafuta ni kizima, na kikavu ndicho kibovu. Si chumvi. Si mafuta. Si vidole vyangu. Na mashine yako haili viwili, inakula kimoja na kushiba.

Mimi nimesema langu. Kwa nini ulinikataza kujaribu kimoja kimoja?

Pasaka ikipita, Jumanne naweka Linux kwa kibao kimoja, upende usipende. Nijibu upesi.

Kahaso


Huku ndani,
23 Aprili 2025

Kahaso,

Nilipofika kwenye mafuta nilicheka mpaka mwenzangu wa mkeka wa pili akauliza kama nimepunguziwa kifungo. Chupa nzima! Nikamsomea. Akamsomea mwingine. Mpaka jioni watu walikuwa wakipita wananiuliza kompyuta yangu imeokoka lini.

Kisha nikafika kwa kile kikavu, nikaikunja barua.

Kompyuta ya Mwalimu Lewis niliiunda mimi, wajua. Ilikuwa ikiganda. Alikuja mara ya kwanza nikamwambia ni virusi. Mara ya pili nikamwambia ni yeye, hajui kubonyeza. Mara ya tatu akasema mbele ya wateja, "Ngumbao, hii uliyoniundia ni takataka." Nikampiga.

Alipokuwa ameshonwa mdomo yuko kwao, mashine yake ilikuwa bado mezani kwangu. Niliifungua. Haikuchukua robo saa. RAM moja mbovu. Nikaitoa nikaitia kwenye yangu, na nzima ya kwangu nikaitia kwenye yake, ili mtu yeyote akiiwasha siku ya kesi imtii. Ikawashwa, ikatii. Nikasimama pale nikasema kompyuta haina kosa hata moja, mwalimu ananisingizia. Wewe ulikuwa umekaa nyuma na mama. Watu wote wakamgeukia yeye. Nilifungwa kwa ngumi, lakini yeye ndiye aliyetoka mle akiwa mwongo.

Barua yako ya kosa kuwa robo, kisha mwisho, kisha mwanzo, niliposoma tu nilijua. Nilijua tangu hapo. Ningekuambia RAM, ungeuliza RAM gani. Nikaona rahisi zaidi wewe uwe mjinga.

Kitupe hicho. Kimoja kinatosha.

Ngumbao


Gongoni,
Jumanne, 29 Aprili 2025

Kwa Ngumbao,

Leo salamu ni fupi. Mama hajambo. Mbuzi hawajambo.

Linux iliingia Jumanne iliyopita mchana. Haikuchukua hata dakika ishirini zako. Ilichukua kumi na saba, nilihesabu. Ikaniita kwa jina langu. Nikaandika ajenda ya baraza, nikaichapisha, nikaikata kingo kwa mkasi ili ipendeze.

Barua yako niliipokea Alhamisi. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimeketi. Tangu siku ile nilikuwa namdharau mtu mzima mwenye watoto. Kila alipopita njia ya Sabaki nilikuwa namwamkia kwa kidevu. Mara moja alikuja kanisani kuomba barua ya shule, nikamngojesha saa mbili kwa makusudi, nikisema moyoni: acha aone, msingiziaji. Hiyo ilikuwa kazi yako, lakini kidevu kilikuwa changu.

Ijumaa nilikitia kile kibao kwenye bahasha, nikapanda pikipiki mpaka kwake. Nilimkuta anasahihisha madaftari. Nikaweka bahasha mezani, nikamsomea barua yako yote, hata ile sehemu ya mafuta, maana sikutaka nichague. Akakitoa kibao, akakigeuza, akakiweka juu ya madaftari. Mkewe ndiye aliyesema, kutoka jikoni: "Kwa hiyo mimi miaka yote hii nimeolewa na mtu mkweli." Akaingia ndani, nikasikia analia. Mwalimu ana kovu kwenye mdomo wa juu, Ngumbao. Akinywa maji hutoka upande mmoja. Hujawahi kulitazama, nami nililiona nikalicheka.

Sasa Jumapili. Niliiwasha kompyuta mbele ya baraza lote, nikaandika kumbukumbu za kikao huku wanaongea. Mutuku aliiona inawaka, basi akatafuta la kuchelewa. "Hii imechukua wiki saba. Mtu wa diploma angemaliza siku moja. Mama atuambie ni nini ilikuwa na shida." Alitabasamu, maana harufu ile alikuwa hajaisahau.

Ningeweza kusema chumvi. Wote wangekubali, chumvi hapa hubeba lawama za watu wengi. Nikasimama nikasema: "Palikuwa na chupa ya mafuta niliyoificha kwa kuogopa kuchekwa, na kifaa kibovu ambacho shemeji yangu alikificha kwa sababu hiyo hiyo. Wiki saba ni zetu sisi wawili." Mchungaji akaangalia viatu vyake. Damaris akapepea uso kwa ajenda yangu. Mutuku akacheka peke yake, kicheko kikamwishia kinywani kwa kukosa wa kukipokea.

Wakapiga kura. Nimebaki kuwa karani. Lakini Mutuku aliomba na baraza likakubali kwamba nibaki kwa majaribio mpaka Desemba. Majaribio! Miaka kumi na tisa nimewaandikia vyeti vya ubatizo vya watoto wao na matangazo ya kuzikwa kwa baba zao, sasa ninajaribiwa. Nililiandika neno hilo mimi mwenyewe kwenye kumbukumbu, bila kosa, na nikamchapishia nakala. Hope amesema atakuja kila Jumatano nimfundishe kufungua kompyuta. Mutuku hajaambiwa.

Sikuchukii. Ningekuchukia, ningejua la kuomba. Umeandika kwamba ulimfanya mtu mwongo, ukaniandikia mimi. Si mimi niliyepigwa. Mwandikie mwenyewe, kwa mkono wako, nami sitakuandikia mpaka anionyeshe barua hiyo. Damaris atakungoja na kalamu.

Fanya upesi.

Kahaso wa Karisa


Huku ndani,
7 Mei 2025

Kwako Mwalimu Lewis,

Shikamoo.

Hujambo? Mdomo umepona, au bado unakuuma wakati wa baridi? Mama watoto hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo? Mimi ni mzima. Kifua kilikuwa kinanisumbua lakini kimepoa.

Mistari hii ya juu imenichukua siku mbili, kwa kuwa sikuwahi kuiandika kwa mtu. Nimemwiga mke wa kaka yangu. Nilikuwa namcheka kwayo.

Kompyuta yako ilikuwa mbovu. Ulikuja mara tatu na mara zote tatu ulikuwa unasema kweli. Niliibadilisha RAM ukiwa kitandani, kisha nikakuita mwongo mbele ya hakimu. Nimemwomba afande asome barua hii kwa sauti kabla haijatoka, aisome mbele ya wenzangu, ili usije ukadhani nimekunong'oneza. Ameisoma. Anasogeza midomo lakini anasoma vizuri.

Hicho kibao alichokuletea Kahaso usikitupe. Kiweke. Mtu akikucheka, mwonyeshe.

Natoka Agosti. Kama utakubali, nitakuja Sabaki kwa miguu mchana, njia ile ya sokoni, watu wakiwa wengi. Kama hutaki, sitapita huko.

Nakuomba unijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja wa matusi.

Ngumbao